Mswada Ufe, Jina Lako Lisitajwe

Hongera, mheshimiwa. Umeapishwa, mbuzi wamechinjwa kwenu Mumbuni, kaunti ya Machakos, na waliokupigia kura wamerudi kwenye mashamba na vibanda vyao wakiamini kwamba kazi ya kutunga sheria sasa imepata mwenyewe. Kisha umeletewa mswada usioupenda. Huenda utawabana waliokufadhili. Huenda utampa kiti mtu ambaye ungependa aendelee kukupigia makofi tu. Tatizo lako ni kwamba watu wa kwenu wanautaka, na wanataka uupitishe wewe.

Sogea karibu nikuelekeze. Humu hamna mbinu hata moja niliyoibuni. Kila mojawapo iko ndani ya Katiba, kanuni au desturi za mabunge yetu, na nyingi zimeshatumika mchana kweupe, kisha waliozitumia wakarudi nyumbani na kuamkiwa kwa heshima zote. Nazipanga kama mafunzo kwa sababu hivyo ndivyo zinavyorithishwa, mkongwe akimnong'oneza mgeni kwenye korido. Na kama mwananchi wa Mumbuni anachungulia begani mwako unaposoma, mwache asome. Yeye ndiye ninayemwandikia, kwa sababu yeye ndiye anayelipia, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamweleza mchezo unavyochezwa.

1. Uunge mkono mapema, tena kwa sauti

Usiwe wa kwanza kuupinga mswada. Uwe wa kwanza kuusifu. Nenda Musyi FM au Mbaitu FM alfajiri, watu wakiwa kwenye matatu za kwenda kazini, useme sheria hii imechelewa mno. Jumamosi mazishini, ukipewa kipaza sauti, rudia hayohayo na utaje mama yako mzazi. Mswada ukikwama baadaye, watu watamtafuta mkosaji miongoni mwa waliokunja uso. Wewe ulikuwa ukitabasamu.

Hakikisha tu kwamba unauunga mkono "kimsingi". Usiahidi siku. Usiahidi kura. Usiseme utakuwa umeketi ukumbini saa ngapi.

2. Usikatae. Usiwepo.

Hili ndilo somo kuu. Ukisahau mengine yote, shika hili.

Anayesema "la" kwenye kura ya majina huandikwa kwenye kumbukumbu za bunge, na jina lake litakaa humo hata wajukuu wake walisome. Asiyekuwepo hatangazwi na mtu. Spika hasomi orodha ya waliokuwa mkahawani. Na kwa miswada ile mizito kabisa, Katiba ya 2010 imeufanya ukosefu wako uwe na nguvu sawa na kukataa: mswada wa kuirekebisha Katiba kupitia bunge lazima uungwe mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote, si thuluthi mbili ya waliohudhuria. Katika Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 bila kumhesabu Spika, hao ni 233. Mbunge aliye Dubai, aliye hotelini Nairobi na aliyejifungia msalani wote wanauzamisha mswada sawasawa na yule aliyesimama akapinga. Tofauti ni kwamba aliyesimama atalaumiwa.

Kama unadhani natia chumvi, fuata safari ya kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia. Katiba inasema watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Kwa mabunge ya kaunti, Katiba yenyewe ilitoa njia: baada ya uchaguzi, nafasi maalum hujazwa mpaka hesabu itimie, na ndiyo sababu ukienda katika bunge la kaunti pale Machakos mjini utawakuta wanawake ambao hawakusimama wadi yoyote. Kwa Bunge la Kitaifa na Seneti, kazi ya kutafuta njia waliachiwa wabunge wenyewe.

Desemba 11, 2012, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba sheria hiyo iwe imepatikana kufikia Agosti 27, 2015. Siku ikafika, wabunge wakajiongezea mwaka mzima. Aprili 2016 mswada ukapigiwa kura na kupata 195, zilihitajika 233. Wakapewa nafasi ya pili siku chache baadaye, waliouunga mkono wakapungua badala ya kuongezeka. Machi 2017, Mahakama Kuu ikawapa siku 60. Zikapita. Novemba 2018 mswada mwingine ukafika ukumbini na kura ikaahirishwa kwa sababu idadi haikutosha. Wakati huo Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, waliokuwa wamepeana mikono mwezi Machi mwaka huohuo, walikuwa wote wawili wamewahimiza wabunge wao waupitishe.

Kisha ikaja Februari 27, 2019. Walioingia ukumbini walikuwa 174, pungufu ya 59. Kura haikupigwa. Hakuna aliyesema la. Mswada uliosifiwa na Rais, na kiongozi wa upinzani, na karibu kila mbunge aliyekaribishwa redioni, ukaanguka bila mpinzani.

Rudia hesabu hiyo taratibu, mheshimiwa, kwa maana ndiyo siri ya kazi yako mpya. Ukimtoa mtu mmojammoja kando umuulize, kila mmoja yuko upande wa akina mama. Ukiwaweka pamoja, hawafiki.

Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimwandikia Rais kumshauri alivunje bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, kama Katiba inavyoagiza. Suala likapelekwa mahakamani, ushauri ukasimamishwa, na bunge likakaa mpaka muhula wake ukaisha mwaka 2022. Hakuna aliyepoteza kiti siku moja mapema.

Nina hasira na jambo hili, na sitaificha. Matuta yanayozuia udongo usiteremke kwenye milima ya Machakos yalichimbwa kwa sehemu kubwa na akina mama wa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, wamepanga mstari na majembe, mmoja akichoka mwingine anashika. Hakuna tuta lililochimbwa na mtu aliyeunga mkono kimsingi. Wanawake hao wameambiwa tangu 2010 kwamba nafasi yao imeandikwa kwenye Katiba, na kilichowazuia ni viti vitupu.

Sasa namna ya kufanya. Siku ya kura, fika mapema. Jiandikishe. Usiruke hatua hii: Kifungu cha 103 kinasema mbunge anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na bila sababu ya kuridhisha, hupoteza kiti, na Kifungu cha 194 kinamwekea mwakilishi wadi mtego huohuo. Kwa hivyo uonekane. Msalimie kiranja wa chama, mkumbushe kwamba uko, muulize kuhusu ugonjwa wa mama mkwe wake.

Kengele ikikaribia, pokea simu. Si lazima iwe imelia. Iweke sikioni, inamisha kichwa kidogo kama mtu aliyepata habari nzito kutoka nyumbani, na utoke kwa mwendo wa kawaida. Usikimbie, kwa sababu anayekimbia hukumbukwa. Ukikutana na mwandishi wa habari mlangoni, mwambie kuna wageni kutoka Mumbuni wamekungoja getini tangu asubuhi. Kengele inasikika kote, mpaka mkahawani, basi chagua meza yenye mazungumzo. Ikinyamaza, maliza chai yako bila haraka, kisha rudi ukumbini uwe miongoni mwa wanaolalamika kwamba idadi haikutimia.

Kwa shughuli ndogondogo akidi ni rahisi zaidi kuvunja. Bunge la Kitaifa linahitaji wabunge 50 tu kuendelea na kikao, Seneti 15, na bunge la kaunti thuluthi moja ya wanachama wake. Alasiri ya Alhamisi, waheshimiwa wakiwa wameshaanza safari ya mashambani, hata hao hukosekana. Mtu mmoja akisimama na kumwomba Spika ahesabu vichwa, kikao kimekwisha. Mtafute mwenzako wa wadi ya mbali asimame yeye. Na wewe utamsaidia siku ya mswada wake.

3. Nusa kama kuna pesa

Ukiona mswada una dalili ya kupita hata usipokuwepo, uwahi ungali mchanga. Mswada mzee una marafiki; mswada ambao haujachapishwa haujulikani hata na walioutaka.

Kifungu cha 114 kitakufaa. Mswada ukigusa kodi au matumizi ya fedha za umma, bunge haliwezi kuendelea nao mpaka kamati husika itoe pendekezo, na kamati nayo lazima kwanza izingatie maoni ya waziri wa fedha. Sasa niambie, ni mswada gani wa maana usiogusa fedha? Ukitaka zahanati iwe na muuguzi usiku, muuguzi analipwa. Ukitaka mtoto wa chekechea apate uji, unga unanunuliwa. Kwa hivyo uliza tu, kwa unyenyekevu: je, Hazina imetoa maoni? Barua itaandikwa. Jibu litangojwa. Mjumbe aliyeleta mswada atakuwa akiulizia kila Jumanne, na kila Jumanne ataambiwa bado. Hakuna aliyekataa kitu. Hata karani akiulizwa, hana jina la kutaja.

Mswada usipogusa pesa, tumia Kifungu cha 110. Maspika wawili lazima wakubaliane kama mswada unahusu kaunti ama hauzihusu. Hii si danadana ya hivihivi: Oktoba 29, 2020, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 ambazo Bunge la Kitaifa lilizipitisha bila kuishirikisha Seneti. Uwe mtetezi wa ugatuzi ghafla. Sema unaogopa mahakama. Wakati barua zinakwenda na kurudi kati ya afisi mbili zilizo katika mtaa mmoja wa Nairobi, wewe uko Mumbuni ukikabidhi mabati.

4. Waite wananchi, wasije

Mbinu hii inaniumiza kuieleza, kwa sababu inatumia haki nzuri kuliko zote tulizopata mwaka 2010. Kifungu cha 118 kwa bunge na cha 196 kwa kaunti vinawalazimu kuwashirikisha wananchi. Mahakama zimewahi kutupa sheria kwa kukosa hilo. Basi washirikishe.

Tangaza kikao kwenye gazeti la Kiingereza, ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo. Kiwe siku ya kazi, saa nne asubuhi, mjini. Mama mboga wa Mumbuni atakuwa ameshafungua kibanda, mwenye bodaboda anatafuta pesa za mwenye pikipiki, mwalimu yuko darasani. Mswada wenyewe uwe kurasa mia, kwa lugha ya mawakili, na nakala zisizidi idadi ya watu walio meza ya mbele. Weka karatasi ya mahudhurio yenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Weka maji ya chupa. Watu wachache watakaokuja wataanza kusaini mara tu wanapoingia, wakidhani ni orodha ya nauli.

Kisha chagua. Ukitaka mswada uende, karatasi ile ni ushahidi kwamba wananchi waliulizwa. Ukitaka ukwame, simama kwenye kamati useme kwa uchungu kwamba watu wako hawakusikilizwa ipasavyo, kwamba wadi nzima ilileta watu kumi na wanane tu, na uombe zoezi lirudiwe baada ya mapumziko ya bunge. Karatasi ni ileile. Hakuna atakayekushutumu kwa kudai wananchi wasikilizwe.

Wananchi wa Mumbuni wana mengi ya kusema. Waulize kuhusu mchanga unaozolewa mitoni usiku, watakaa na wewe mpaka jua lizame. Fanya kikao Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule, kwa Kikamba na Kiswahili, mtu mmoja akieleza mswada kwa maneno ya nyumbani, uone kama viti vitatosha. Hilo ndilo lisilotakiwa.

5. Ziache nyumba mbili zigombane

Mswada unaohusu kaunti hupita nyumba zote mbili. Zikitofautiana, kamati ya upatanishi huundwa, na ikishindwa kuelewana ndani ya siku 30, au nyumba mojawapo ikiyakataa makubaliano, Kifungu cha 113 kinasema mswada umeshindwa. Hapo kila upande una wa kumnyooshea kidole, na umma unabaki ukitazama kama ng'ombe aliyefungwa katikati ya majirani wawili wanaogombania maziwa yake.

Mwaka 2019 ugomvi ulikuwa juu ya kiasi cha fedha za kaunti. Seneti ilianza kwa kudai bilioni 335, Bunge la Kitaifa likasimama kwenye bilioni 316.5. Mwaka wa fedha ulianza Julai bila makubaliano. Mwezi wa Septemba ndipo jambo likaisha, tena kwa zilezile bilioni 316.5. Miezi mizima ya majadiliano, safari na hotuba, na kaunti zikasubiri.

Mwaka uliofuata wakagombania namna ya kugawana. Seneti iliahirisha jambo lile kikao baada ya kikao. Agosti 17, 2020, maseneta watatu, Cleophas Malala, Christopher Lang'at na Steve Lelegwe, walikamatwa na polisi siku ambayo suala hilo lilitakiwa liamuliwe. Mwafaka ukapatikana Septemba 17, baada ya ahadi ya kuongeza bilioni 53.5 mwaka wa fedha uliofuata ili kaunti yoyote isipunguziwe. Sisemi maseneta hawakuwa na hoja. Kaunti maskini zilikuwa zinakaribia kunyang'anywa mabilioni, na waliosimama kidete kwa ajili yao naheshimu msimamo wao. Lakini wakati ule ulikuwa wa corona, na wahudumu wa afya katika kaunti walikuwa wakidai mishahara huku wakiambiwa fedha zimekwama Nairobi. Muuguzi hawezi kumlipa mwenye nyumba kwa mfumo wa ugavi.

Kwako wewe, mheshimiwa, jambo la kushika ni hili: ugomvi ukiwa mkubwa, hakuna anayeuliza nani hasa aliomba kikao kiahirishwe.

6. Penda kelele

Kura nyingi bungeni hupigwa kwa mdomo. Mwenye kiti huuliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema la, naye huamua kwa masikio yake ni upande upi uliosikika zaidi. Hakuna orodha ya majina. Unaweza kufungua mdomo bila kutoa sauti. Ili majina yahesabiwe, lazima wabunge wa kutosha wasimame na kudai mgawanyiko, na wewe unaweza kabisa kuwa na maumivu ya goti siku hiyo.

Septemba 20, 2018, wabunge waliitwa kwenye kikao maalum kuhusu pendekezo la Rais la kutoza bidhaa za mafuta VAT ya asilimia 8 badala ya 16. Kuyakataa mapendekezo ya Rais kulihitaji thuluthi mbili. Wapinzani walipiga kelele za "la" mpaka ukumbi ukatikisika, wakadai wahesabiwe, na mwenye kiti akatamka kwamba wa "ndiyo" wameshinda. Kodi ya asilimia 8 ikaanza. Usiku huo kila mbunge aliwaambia watu wake kwamba yeye alipiga kelele. Ni nani angebisha?

Linganisha na Juni 25, 2024. Siku hiyo Mswada wa Fedha ulipigiwa kura ya majina: 195 wakaukubali, 106 wakaukataa. Kabla ya jua kutua, orodha ilikuwa kwenye simu ya kila kijana Kenya, toka Mumbuni hadi Mandera. Vijana waliuawa nje ya bunge siku ile, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Damu ile haikupaswa kumwagika, na kuwachomea watu nyumba si njia. Lakini tangu siku hiyo kila mheshimiwa anajua uzito wa jina lililoandikwa, na ndiyo sababu utaona mapenzi ya kura ya mdomo yameongezeka.

7. Ngoja

Ukishindwa na yote, tazama kalenda. Bunge hupumzika Desemba, hupumzika Pasaka, hupumzika Agosti. Muhula wa bunge ukiisha, mswada ambao haujakamilika hufa nao, na atakayeutaka auanzishe upya, kuanzia ukurasa wa kwanza, mbele ya wabunge wapya wasiojua ulifikia wapi.

Mswada wa kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ulianza kuzungumzwa bungeni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ilipatikana mwaka 2015. Katikati hapo, hesabu mwenyewe ni wangapi walipigwa.

8. Watu wa kuogopa

Usimwogope mpinzani wako wa uchaguzi ujao. Naye anazijua mbinu hizi, au atazijua. Usiwaogope waandishi, wana habari nyingine kesho. Mwogope mpigakura anayeuliza swali dogo na kungoja jibu.

Mwaka 2006 huko Washington, maseneta Tom Coburn wa Oklahoma na Barack Obama wa Illinois walikuwa na mswada wa kuilazimisha serikali ya Marekani ichapishe orodha ya fedha inazogawa, ili raia yeyote azione. Desturi ya Seneti yao ilimruhusu seneta mmoja kuuzuia mswada bila kutajwa jina, na mmoja alikuwa ameuzuia. Raia wakaanza kupiga simu katika ofisi ya kila seneta wakiuliza: ni wewe? Wakayakata majina kwenye orodha, moja baada ya jingine, mpaka mwezi Agosti Ted Stevens wa Alaska akakubali kwamba ni yeye. Robert Byrd wa West Virginia naye akakubali kwamba aliwahi kuuzuia. Mwezi uliofuata mswada ukawa sheria. Mwaka 2011 Seneti ikabadilisha utaratibu wake ili jina la anayezuia mswada liwekwe wazi baada ya siku chache.

Wale walikuwa na maseneta 100 wa kupigia. Mtu wa Mumbuni ana wanne tu: mwakilishi wadi, mbunge wa Machakos Mjini, mwakilishi wa wanawake wa kaunti na seneta. Simu nne. Asubuhi moja inatosha.

Na wewe uliyechungulia begani tangu mwanzo, sasa keti. Mheshimiwa ameshajifunza, zamu ni yako.

Usiulize kama anauunga mkono mswada, kwa kuwa jibu la swali hilo unalo tangu hatua ya kwanza. Uliza tarehe. Kumbukumbu za bunge, ile Hansadi, ni za umma. Hotuba zimo, na kura ya majina ikipigwa majina yamo. Kisha andika barua kwa karani wa bunge, wa kaunti au wa Nairobi kulingana na mswada. Si lazima uwe wakili, na kwa Kiswahili inakubalika. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Uliza mambo matatu: mswada huu uko kwenye meza ya kamati gani tangu tarehe gani, ni kikao kipi kilichoahirishwa na nani aliomba, na siku ya kura, mwakilishi wetu alijiandikisha saa ngapi na je, alipiga kura? Kutaneni watu wa utui mmoja, yaani kijiji kimoja, muandike pamoja, mtie sahihi zenu kwenye safu zilezile nne mlizozizoea. Kama mswada umelala kabisa, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni ili litunge sheria.

Peleka barua mwenyewe, mkononi, na nakala mbili. Moja iachie afisi. Ya pili wakugongee mhuri wa kupokea, wenye tarehe isomekayo, maana sheria inawapa siku 21 za kukujibu na zinaanza kuhesabiwa hapo.